Moto Hausafishi Majivu

Kila nyumba au duka linapoungua upande huu wa Ruiru, naulizwa swali lile lile hapa Membley: majivu yale si mbolea nzuri ya sukuma wiki? Si mbolea. Swali lenyewe limenichosha kwa sababu nyuma yake ipo imani kwamba moto huua sumu. Moto huua viini vya magonjwa. Sumu nyingi zilizomo ndani ya nyumba ya leo hauziwezi, na nyingine huzitengeneza wenyewe.

Chukua madini ya risasi, yaliyomo kwenye betri za magari, rangi za zamani na vifaa vya umeme. Risasi ni elementi, haiungui ikaisha. Huyeyuka kwa nyuzi 327, nyingine ikapaa na moshi, iliyobaki ikakaa majivuni. Mbao na nguo zikishateketea, risasi hiyo imo sasa katika rundo dogo zaidi, kwa hiyo kijiko kimoja cha majivu kinaweza kuwa na sumu nyingi kuliko kijiko cha kile kilichoungua. Au tazama nguzo za ua zilizotiwa dawa, zile zenye ukijani. Nyingi zimelowekwa kromiamu, shaba na aseniki ili mchwa wasizile. Zichome, na sehemu kubwa ya aseniki utaikuta kwenye majivu, ya rangi ile ile ya majivu ya jikoni. Hakuna jicho linaloweza kuyatofautisha.

Plastiki ni balaa jingine. Mabomba ya PVC na maganda ya nyaya yana klorini, na yakiungua kwenye moto dhaifu usiopata hewa ya kutosha hutoa dioksini. Tanuri halali la taka hutakiwa kuziweka gesi zake katika nyuzi 850 au zaidi kwa sekunde 2, kisha kuzichuja. Pipa lililotobolewa nyuma ya nyumba halina uwezo huo. Dioksini hutua mchangani, kuku akadonoa, ikaishia kwenye kiini cha yai. Mayai ya kuku waliokuwa wakijitafutia chakula karibu na jaa la Dandora, Nairobi, yalipimwa, na ripoti ya 2005 ikaonyesha dioksini iliyopita kikomo cha Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo msiniambie yai ni salama kwa kuwa ni la kienyeji. Niambieni kuku alidonoa wapi.

Na maziwa! Mafundi na wazoaji taka bado wanaambiwa wanywe paketi ya maziwa ili "kuosha kifua" baada ya moshi. Maziwa huenda tumboni. Vumbi la majivu limo mapafuni, na maziwa hayafiki huko. Anayemnunulia kibarua maziwa badala ya barakoa amemdhuru. Na sumu ikishaingia mwilini, huonekana kwenye damu. Utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wa 2007 uliwapima watoto na vijana 328 wa karibu na Dandora: nusu walikuwa na risasi ya maikrogramu 10 au zaidi katika kila desilita ya damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Hofu ya sumu za aina hii ndiyo iliyoufanya mji wa Calabasas, California, ukimbilie mahakamani mwaka 2025 kupinga vifusi vya mioto ya Los Angeles kumwagwa katika jaa la jirani. Ombi lao la zuio la dharura lilikataliwa, lakini hoja yao ilikuwa ya msingi: kuna nini ndani ya majivu, na chini ya jaa kuna nini? Dandora haina tabaka la kuzuia maji machafu yasipenye ardhini. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa hilo lifungwe ndani ya miezi 6. Malori yanaendelea kuingia. Sisi wa Kiambu, ambao jaa letu kubwa liko Kang'oki, Thika, tuulize hayo kabla ya lori la kifusi kuondoka.

Sasa la kufanya. Usifagie majivu makavu. Yanyunyizie maji kwanza, bila kuyafanya yatiririke. Vaa barakoa ya N95, glavu na buti. Watoto na kuku wakae mbali. Betri na makopo ya rangi yatengwe. Mabati ya asbesto yasivunjwe, yaachiwe wenye leseni. Kifusi kibebwe na msafirishaji wa taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na mwambie akuonyeshe leseni hiyo pamoja na hati ya kufuatilia safari ya taka. Kuchoma taka ovyo ni kosa chini ya kanuni za ubora wa hewa za 2014. NEMA ikitoa leseni ya mazingira inayokuathiri, una siku 60 za kukata rufaa katika Baraza la Kitaifa la Mazingira. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo hapo Thika. Msisubiri wagonjwa ndipo mwende: Kifungu cha 70 cha Katiba hakimtaki mlalamikaji athibitishe kwamba kuna mtu aliyekwisha kudhurika.