Bunduki Ndani ya Motokaa ya Jamaa

Asubuhi yo yote, mtu akisimama kando ya barabara kuu mjini Busia, ataona watu wa namna nyingi wakielekea mpakani: wachuuzi na mizigo yao, madereva wa malori, waendesha boda boda, na jamaa nzima, baba na mama na watoto, ndani ya motokaa moja. Katika motokaa hizo za jamaa, mara chache, chini ya mablanketi na vikapu vya chakula, imo bunduki ya kuwindia. Mwenyewe ana cheti chake, wala si mhalifu. Lakini bunduki haisomi cheti. Ikiwekwa vibaya yaweza kumwua mtoto aliyeketi karibu nayo, au yaweza kuibwa ikaenda kuua watu asiowajua mwenyewe. Kwa sababu hiyo yafaa kila mwenye bunduki, na kila asafiriye pamoja naye, ajue jinsi ya kuichukua kwa salama.

KWA NINI BADO ZIPO?

Huenda msomaji akauliza, “Je, uwindaji haukupigwa marufuku?” Ni kweli. Kenya ilikataza uwindaji wa wanyama wa porini mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inaendelea kuukataza uwindaji wa mchezo. Lakini kuwinda ni jambo moja, na kuwa na bunduki ni jambo jingine. Wako watu waliopewa vyeti kwa mujibu wa Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Wako wanaolenga shabaha kwa mchezo. Tena wako wanaovuka mpaka kwenda kuwinda kwa kibali mahali panaporuhusiwa. Uganda ilianza mwaka 2001 kuruhusu tena uwindaji wa kibali, kwa majaribio, karibu na Ziwa Mburo. Na Tanzania inazo sehemu zake zilizotengwa kwa kazi hiyo.

Hata yule asiyewinda kamwe, iko siku atakayolazimika kuitoa bunduki yake nyumbani, ama kuipeleka kwa fundi, ama kuionyesha kwa maofisa wa leseni. Kutoka Busia mpaka Nairobi ni safari ya zaidi ya kilometa 400, na mahali pa kusimama njiani ni pengi.

HATARI TATU

Hatari ya kwanza ni bunduki kulia yenyewe. Watu husema ajali haina kinga, lakini ajali hii kinga yake ipo, nayo ni nyepesi: bunduki isiyo na risasi haiwezi kulia. Wengi huitia risasi, kisha hutegemea kile kizuizi kidogo kinachozuia kifyatulio. Kizuizi hicho ni chuma tu. Huchakaa, na kidole cha mtoto, au kamba ya mfuko iliyonasa, chaweza kukisogeza. Risasi ya bunduki ya kuwindia hupenya bati la motokaa pasipo shida, na ikirushwa juu yaweza kwenda zaidi ya kilometa 3 kabla ya kuanguka. Basi anayehatarishwa si aliyemo motokaani peke yake, bali hata mama alimaye shamba lake mbali na barabara.

Hatari ya pili ni uzito. Bunduki ya namna hii huwa na uzito wa kilo 4 hivi, na mtu akiishika haoni kuwa ni mzigo. Lakini motokaa iendayo mwendo wa kilometa 50 kwa saa ikigonga mti, kitu kisichofungwa hakisimami pamoja nayo. Huruka mbele kwa nguvu ipitayo mara 20 ya uzito wake. Yaani bunduki ile ya kilo 4 itampiga aliye mbele yake kana kwamba ni mzigo wa kilo 80, karibu na gunia zima la mahindi. Ndiyo maana bunduki iliyolazwa juu ya ubao wa nyuma, chini ya kioo, ni hatari kwa vichwa vya watoto hata kama haina risasi.

Hatari ya tatu ni wizi. Mwizi akiona mtutu au mfuko mrefu wa bunduki kupitia kioo, hahitaji zaidi ya dakika moja na jiwe moja. Bunduki iliyoibwa Bumala jioni yaweza kuwa ng’ambo ya mpaka kabla ya alfajiri, kwa maana vijia vya mpaka huu ni vingi.

KUITAYARISHA NYUMBANI

Kazi ya kuifanya bunduki iwe salama hufanywa nyumbani, kabla ya kufika motokaani, na watoto wakiwa mbali. Elekeza mtutu kwenye udongo mtupu, si kwenye saruji wala ukuta wa jirani. Kidole kisiguse kifyatulio. Toa kisanduku cha risasi kwanza. Kisha fungua komeo, yaani kile chuma kinachovutwa nyuma ili kutia risasi, uitoe risasi iliyomo. Tazama ndani kwa macho, kisha papasa kwa kidole. Funga, fungua tena, na utazame mara ya pili. Wapo waliozikwa kwa sababu mtu mmoja alisema, “Najua haina kitu,” bila kutazama.

Ukiisha hakikisha, litoe komeo lenyewe, kama bunduki yako ni ya namna ambayo komeo lake hutoka. Bunduki isiyo na komeo ni kama mlango usio na kitasa. Mwizi akiipata hawezi kuitumia mara moja. Komeo liwekwe mahali pake mbali na bunduki. Kama halitoki, nunua kufuli ndogo inayofunga kifyatulio.

Sasa iweke bunduki ndani ya sanduku gumu, lenye sponji ndani ili isitikisike, na lenye kufuli. Mfuko wa turubai huzuia vumbi, bali hauzuii mkono. Risasi ziwe katika sanduku jingine dogo lenye kufuli yake. Funguo zote mbili zikae mwilini mwa mwenye cheti, wala zisifungwe pamoja na ufunguo wa motokaa, kwa maana ufunguo wa motokaa hupewa fundi, mwoshaji magari na hata kijana anayetumwa kuleta maji garini.

MAHALI PA KUIWEKA

Katika motokaa yenye buti iliyotengwa, mahali pazuri ni ndani ya buti, sanduku likiwa limelala chini kabisa, na mizigo mingine ikiwa mbele na nyuma yake. Katika motokaa ndefu ambayo nyuma yake ni wazi, liweke sanduku sakafuni nyuma ya kiti cha mwisho, ulifunike kwa blanketi la rangi isiyovuta macho. Katika pikapu yenye viti viwili, lilaze nyuma ya viti, kamwe si nyuma kwenye bodi pamoja na mbuzi na magunia.

Po pote litakapowekwa, lifungwe. Pitisha waya mnene wa chuma katika mpini wa sanduku, uuzungushe kwenye mguu wa kiti uliofungwa sakafuni kwa skrubu, au kwenye pete ya chuma iliyomo ndani ya buti, kisha utie kufuli. Juu yake ongeza mkanda wa kukaza mizigo. Waya humchelewesha mwizi, na mkanda huzuia sanduku lisiruke motokaa ikigonga kitu. Sanduku la risasi nalo lifungwe vivyo hivyo, katika pembe nyingine.

Watu wengine huogopa ya kuwa jua kali litalipua risasi zilizomo ndani ya motokaa. Hofu hiyo haina msingi. Joto la motokaa iliyosimama juani ni kali kwa binadamu, lakini halitoshi kuwasha baruti. Hata hivyo, risasi zikipata joto siku nyingi huharibika, na unyevu wa nchi hizi zilizo karibu na ziwa huleta kutu upesi. Basi safari ikiisha, zitoe zote, uifute bunduki na kuipaka mafuta.

JE, WANYANG’ANYI WAKITOKEA?

Wako mabwana wasemao, “Nikiifunga hivyo, wanyang’anyi wakinishika njiani nitajiokoa kwa nini?” Swali hilo si la kudharau, kwa maana barabara za usiku zina mashaka yake. Lakini fikiri kidogo. Bunduki ya kuwindia ni ndefu. Mtu aliyeketi nyuma ya usukani hawezi kuigeuza bila kugonga kioo, kiti au kichwa cha mkewe. Wanyang’anyi watakuwa wamemzunguka kabla hajaishika, nao wakiiona watakuwa wepesi zaidi kuua. Tena kwa ajili ya saa hiyo moja ambayo huenda isifike kamwe, watoto watakaa na bunduki yenye risasi saa zote za safari. Kinga iliyo bora ni kusafiri mchana.

NJIANI

Yuko kanuni mmoja mkuu, nao usivunjwe: mwenye cheti asiiache bunduki. Cheti ni cha mtu mmoja, si cha nyumba nzima. Baba akishuka sokoni kununua ndizi, na kumwacha mkewe au dereva peke yake na bunduki na funguo zake, amemtia mwingine katika hatari ya kushtakiwa kwa kuwa na silaha bila cheti. Afadhali mama ashuke kununua, baba akae. Mkilala njiani, bunduki na ilale ndani ya chumba pamoja na mwenyewe, wala si motokaani nje ya hoteli.

Mkisimamishwa na polisi, mwenye bunduki aweke mikono yake mahali inapoonekana, na aseme yeye kwanza kabla ya kuulizwa: “Afande, nina bunduki yenye cheti. Imo ndani ya sanduku nyuma, haina risasi. Nifanye nini?” Kisha angoje. Asiinuke ghafla kuifuata, wala asimwagize mtoto kuitoa. Askari ambaye ameambiwa mapema hutulia. Askari aonaye mtutu kwa ghafla chini ya blanketi hawezi kujua nia yako.

MPAKANI

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa hili si dogo. Cheti cha Kenya hakimpi mtu haki ya kuwa na bunduki Uganda. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 huzihesabu silaha na risasi katika vitu visivyoingizwa ila kwa kibali. Anayetaka kuvuka na bunduki yake hana budi kupata ruhusa ya kuitoa Kenya na ruhusa ya kuiingiza Uganda, zote mbili zikiwa zimeandikwa, kabla ya kuanza safari.

Tena kuna jambo ambalo msafiri aweza kulisahau. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa nchi hizi mbili mwezi wa Februari 2018, na Malaba pia kuna kituo cha namna hiyo. Katika vituo hivi msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoiingia, na huko ndiko wanakokaa maofisa wa nchi zote mbili. Maana yake, atokaye Kenya huwa ameuvuka mpaka kabla hajaulizwa swali lo lote. Mtu awazaye, “Nitawaeleza nikifika,” atakapofika atakuwa tayari yuko Uganda, na bunduki isiyo na kibali i nyuma yake, watoto wakitazama. Kama karatasi hazijakamilika, usiikaribie foleni. Iache bunduki nyumbani katika kabati la chuma, uende kuwaamkia wakwe zako mikono mitupu.

IKIPOTEA

Andika namba ya bunduki katika karatasi, uiweke mbali na bunduki yenyewe. Mwaka 2004, kwa Itifaki ya Nairobi, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilikubaliana kuzitia bunduki alama na kuweka kumbukumbu zake, ili bunduki ikionekana po pote ijulikane imetoka wapi. Ikiibwa, nenda mara hiyo hiyo katika kituo cha polisi kilicho karibu, ukatoe namba ile. Usingoje kesho kwa haya, wala usijaribu kuitafuta kwanza kwa siri. Kila saa unayonyamaza ni saa ya mwizi.

NENO LA MWISHO

Kazi yote iliyoelezwa hapa, kutoa risasi, kuondoa komeo, kufunga masanduku na kukaza waya, haizidi robo saa kwa mtu aliyeizoea. Mkifika, ifanye tena kwa kurudi nyuma: fungua sanduku mwenyewe, elekeza mtutu kwenye udongo, utazame ndani mara mbili kana kwamba hujapata kutazama. Na mtoto akiuliza kwa nini baba anatazama tena kitu alichokwisha kitazama asubuhi, mwambie sababu. Naye siku moja atakuwa mtu mzima, na yamkini atashika ufunguo huo.