‘Leila’: Pale mke anapomtafutia mumewe mke mwenza

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza mwaka 2023 kuwa mtu mzima mmoja kati ya sita hukumbwa na tatizo la ugumba katika maisha yake. Miongoni mwa filamu zilizoligusa tatizo hilo kwa undani ni ‘Leila’ ya Iran, iliyoongozwa na Dariush Mehrjui na kuonyeshwa mwaka 1997.

Leila na mumewe Reza ni wakazi wa Tehran, wenye uwezo na wanaopendana. Muda mfupi baada ya harusi, vipimo vinaonyesha kuwa mke hawezi kushika mimba. Reza hajali, anasisitiza kuwa mkewe anamtosha. Asiyekubali ni mama yake, kwani Reza ndiye mwanawe pekee wa kiume na ukoo unahitaji mrithi. Humpigia mkwewe simu mara kwa mara, akimsihi amruhusu mumewe aoe mke wa pili, jambo linaloruhusiwa na sheria za nchi hiyo.

Leila anakubali. Zaidi ya hapo, anafuatana na Reza kwenda kuwaona wachumba na kumsubiri nje, kisha njiani wawili hao wanawacheka wanawake hao kana kwamba ni mchezo.

Hapa ndipo ulipo uzito wa filamu hii. Reza angojea mkewe aseme hapana; Leila naye angojea mumewe akatae. Adabu ya Kiirani, ambayo humtaka mtu afiche haja yake na kutanguliza ya mwenzake, inawafunga vinywa wote wawili, kila mmoja akidhani anajitoa mhanga kwa ajili ya mwenziwe. Mama mkwe, pamoja na ukali wake wote, asingefua dafu mbele ya wanandoa wanaoambiana ukweli.

Usiku bibi harusi anapoletwa, Leila aliyeitayarisha nyumba kwa mikono yake anashindwa kuvumilia, anakimbilia kwa wazazi wake. Ndoa ya pili nayo haidumu. Mtoto anayezaliwa ni wa kike.

Leila Hatami na Ali Mosaffa, walioigiza kama wanandoa hao, baadaye walioana kweli. Mehrjui aliuawa pamoja na mkewe nyumbani kwao karibu na Tehran, Oktoba 2023.