Jina la Mtoto: Maana Kwanza, Lugha Baadaye

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baad. Tunaulizwa mara kwa mara: Je, mtu anayeitwa Shida, Mashaka au Mwanakhamis analazimika kubadilisha jina lake ili liwe la Kiislamu? Wapo walioambiwa kuwa jina lisilokuwa la Kiarabu si jina la Muislamu. Baadhi yao ni watu wazima ambao wazee wao wameshatangulia mbele ya haki, na wanaona uzito kuliacha jina walilopewa na mama zao. Basi tumeona ni vyema tulifafanue suala hili.

Mtume (S.A.W.) alitazama maana

Amepokea Imamu Muslim kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) kwamba majina yanayopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni Abdallah na Abdurrahman. Sababu yake iko wazi: ndani ya majina hayo mja anakiri uja wake kwa Mola wake. Mtume (S.A.W.) pia alimpa mwanawe jina la Ibrahim, kwa ajili ya babu yake, Nabii Ibrahim (A.S.).

Na yapo majina aliyoyabadilisha. Binti mmoja wa Umar (R.A.) akiitwa 'Asiya, yaani muasi, naye akamwita Jamila, mzuri. Mama yetu Juwayriya na Zaynab binti Abi Salama (R.A.) wote wawili waliitwa Barra, yaani mwema. Akayabadilisha majina yao, na la Zaynab kwa kuwa mlikuwa na harufu ya mtu kujitakasa mwenyewe.

Tuzingatie hapa: majina hayo yaliyobadilishwa yalikuwa ya Kiarabu safi, na Uarabu wake haukuyaokoa. Kwa upande mwengine, Ibrahim, Ismail, Is-haka, Yaakub na Yusuf asili yake si Kiarabu. Aliyesoma nahau chuoni anajua kwamba majina hayo hayatiwi tanwini, na moja ya sababu zake ni huo ugeni wake katika lugha. Vipi basi tuseme kuwa jina haliwi la Kiislamu mpaka liwe la Kiarabu?

Majina yetu ya visiwani

Wazee wetu waliwaita watoto kwa siku na miezi waliyozaliwa: Khamis, Juma, Rajab, Shaaban, Ramadhan, Idi. Waliwaita pia kwa shukrani: Zawadi, Riziki, Neema, Subira. Hayo yote maana zake ni njema, na mwenye jina kama hilo hana haja ya kulibadilisha.

Ama neno "Mwana" katika Mwanakhamis, Mwanajuma na Mwanaidi, vijana wengi hudhani ni mtoto tu. Katika Kiswahili cha zamani "Mwana" ni bibi, mwanamke wa heshima, kama alivyoitwa Mwana Kupona, mtunzi wa utenzi mashuhuri. Na "Siti" ni neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo ya bibi. Mama aliyemwita bintiye Mwanakhamis alimheshimu tangu siku ya kwanza.

Yapo pia majina yaliyobeba machungu ya historia. Siti binti Saad wa Fumba, aliyefariki mwaka 1950, alipozaliwa aliitwa Mtumwa. Tukiweka kando hukumu ya muziki, ambayo ina mahali pake, kuna mazingatio hapa: binti aliyepewa jina la unyonge, watu wakaja kumjua kwa jina la heshima. Mwanaadamu hakuumbwa awe mtumwa wa mwanaadamu mwenziwe. Akiwa ni mtumwa, basi ni wa Mola wake tu.

Shida, Tabu, Mashaka na Sikitu

Majina haya mara nyingi yana kisa: uchungu uliokuwa mzito, mimba iliyobebwa katika dhiki, au watoto waliotangulia kufariki. Sikitu, kwa mfano, wengine walipewa ili kifo kimuone mtoto si kitu kimpite. Machungu ya mama huyo tunayaelewa, lakini imani hiyo haina msingi. Uhai na mauti viko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, wala jina halirefushi umri wala haliufupishi.

Kwa hiyo asipewe mtoto mchanga jina la aina hii. Ama mtu mzima mwenye nalo, ni vizuri kulibadilisha lakini halazimiki, wala sala yake, ndoa yake na aqiqa yake hazina kasoro. Dalili ni kisa cha Hazn, babu yake Said bin Musayyib, alichokipokea Imamu Bukhari. Hazn ni ardhi ngumu, Mtume (S.A.W.) akataka kumwita Sahl, laini. Akajibu kuwa hatolibadilisha jina alilopewa na baba yake. Hakulazimishwa. Lakini Said alikuwa akisema kwamba ugumu haukuondoka katika ukoo wao.

Tahadhari za zama zetu

Leo wazazi wengi huchagua jina kutoka kwenye simu kwa kuvutiwa na sauti yake. Neno kuwemo ndani ya Qur'ani hakulifanyi kuwa jina jema. Firauni na Abu Lahab nao wametajwa humo. Herufi nazo zina khatari. 'Alima kwa ain ni mjuzi, na kwa hamza ni yenye kuumiza. Asiya kwa hamza ni mke wa Firauni, mwanamke mwema, basi akina Asiya wetu wasitiwe hofu na Hadithi tuliyoitaja, kwani yule aliitwa kwa ain na sadi. Muulizeni mwalimu wa chuo kabla ya siku ya saba.

Anayebadilisha jina asichinje upya. Alisajili kisheria ili cheti cha kuzaliwa, cha ndoa na karatasi za mirathi zisigongane. Jina la baba lisiguswe, kwani Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratul Ahzab, aya ya 5, watu waitwe kwa baba zao. Na sisi tulio pembeni tusimcheke mwenye jina gumu, wala mtoto wake asitaniwe skuli; kuitana kwa majina ya kejeli kumekatazwa katika Suratul Hujurat, aya ya 11. Huyo Shida hakujichagulia jina, lakini sisi tunachagua vipi tumwite.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu majina mema na matendo yanayofanana nayo. Amin.

Wallahu a'lam.