Maoni ya Vijana juu ya Vitabu Wavisomavyo

Ukimwuliza mwanafunzi wa Tarime au wa Mugumu kitabu alichokisoma juma lililopita ni cha namna gani, mara nyingi atakujibu neno moja: "Kizuri." Ukimwuliza tena kwa nini ni kizuri, ataanza kukisimulia toka mwanzo hata mwisho, wala hatakoma mpaka kengele ilie. Majibu hayo yote mawili si maoni. La kwanza ni adabu tu, kama mgeni asifuye chakula kabla hajakionja. La pili ni kazi ya kumbukumbu, nayo ni kazi njema, lakini haituambii msomaji mwenyewe ameona nini. Katika mazungumzo haya twataka kueleza maoni juu ya kitabu ni kitu gani, vijana wawezaje kupashana maoni hayo, na kwa sababu gani jambo hili lionekanalo dogo ni kubwa katika wilaya za Tarime na Serengeti.

Wakuria hawahitaji kufundishwa na mgeni tofauti iliyopo kati ya neno la kusemwa tu na neno lenye uzito. Katika iritongo, yaani mkutano wa watu wa mahali pamoja, mtu akisimama kusema juu ya ng'ombe walioibiwa, haitoshi aseme, "Nadhani ni fulani." Ataulizwa ameona nini, nyayo zilielekea wapi, na ni nani aliyekuwa pamoja naye. Asipokuwa na jibu huketi. Maoni juu ya kitabu ndivyo yalivyo. Ni hukumu ya msomaji, lakini hukumu yenye shahidi, na shahidi ni kitabu chenyewe: tendo hili alilolitenda mtu huyu, neno lile alilolisema mwingine, jambo lile ambalo mwandishi alilinyamazia. Anayesema "Sikumpenda Ngoswe" amesema habari ya moyo wake. Anayesema "Sikumpenda Ngoswe, kwa sababu alitumwa kuhesabu watu naye akashughulika na binti wa mwenyeji wake" ametoa maoni, na sasa twaweza kushindana naye.

Na kushindana kupo. Katika tamthilia hiyo ya Edwin Semzaba, iitwayo Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, karani wa serikali afika kijijini kwa kazi ya sensa, apendana na Mazoea, na baba wa msichana, Mzee Mitomingi, kwa hasira yake azichoma karatasi za hesabu. Waulize vijana kumi kosa kubwa ni la nani. Wengine watamlaumu karani aliyeacha kazi ya watu wote kwa ajili ya tamaa yake. Wengine watamlaumu mzee, maana karatasi zile hazikuwa mali ya Ngoswe, zilikuwa za nchi. Yupo pia atakayeuliza mbona hakuna amwulizaye Mazoea mwenyewe alitaka nini. Swali hilo la mwisho ndilo tulipendalo zaidi, kwa kuwa halipatikani katika vitabu vya majibu ambavyo wanafunzi huvikariri kabla ya mtihani. Vitabu vile vina kazi yake, nasi hatuvipigi marufuku; lakini kijana aliyekariri "dhamira" tano za hadithi asiyoisoma ni sawa na mtu aelezaye ladha ya ugali wa wimbi kwa kusikia harufu ya moshi wake.

Tabia ya wasomaji kujibizana si ngeni katika Kiswahili. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilipokea barua na mashairi kutoka kwa wasomaji wa sehemu nyingi za nchi, na mshairi mmoja alipotoa neno, mwingine alimjibu. Wala hatuhitaji kwenda mbali na Serengeti kumtafuta msomaji aliyekuwa na maoni yake mwenyewe. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama, katika mkoa huu huu wa Mara, mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baadaye alitafsiri michezo miwili ya Shakespeare. Mmoja wa michezo hiyo, katika Kiingereza, jina lake lataja mfanya biashara mmoja tu wa mji wa Venisi. Mwalimu alipoutoa kwa Kiswahili mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, aliuita Mabepari wa Venisi. Neno moja lile limebeba hukumu nzima. Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza umekwisha kuambiwa mfasiri awaonaje watu wale, nawe una hiari ya kusoma na kusema kwamba amewaonea.

Sasa twafika penye uzito wa jambo letu. Katika nyumba nyingi za wilaya hizi mbili, kijana hafundishwi kusema mbele ya wakubwa; hufundishwa kusikiliza. Twaheshimu mafundisho hayo, maana mtu asiyejua kusikiliza hawezi hata kusoma. Lakini yapo mambo yampatayo kijana ambayo hana mahali pa kuyasemea. Nyumbani hawezi; darasani haulizwi; na rafiki yake ana shida ile ile. Hapo ndipo kitabu kinapomfaa, kwa kuwa kinamweka mtu mwingine mbele yake, mtu wa mbali asiye wa ukoo wake, na juu ya mtu huyo aweza kusema lolote bila kumvunjia heshima mzazi.

Tutwae kitabu kimoja. Takadini, riwaya ya Ben Hanson, ilisomwa kwa miaka mingi na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne nchini mwetu. Habari yake ni ya Zimbabwe. Sekai, mke wa Makwati, alikaa miaka mingi bila mtoto. Hatimaye akajifungua mtoto mwenye ualbino. Desturi ya watu wake ilitaka mtoto wa namna ile asiishi. Sekai akamchukua mtoto wake akatoroka, akasafiri mpaka kijiji cha watu wengine, na huko mtoto akakua, na mzee Chivero akamfundisha kupiga mbira. Jina Takadini maana yake ni swali: sisi tumefanya nini?

Msomaji wa kandokando ya Ziwa Viktoria hawezi kusoma hadithi hii kama ngano ya nchi ya mbali. Tangu mwaka 2007 na miaka iliyofuata, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya uchawi wa kutafutia utajiri. Basi kijana akisema, "Desturi ile ilikuwa mbaya," hajamaliza kazi. Itampasa aeleze ni nani katika kitabu aliyeweza kuipinga naye hakuipinga, na kwa nini.

Lakini sikiliza wanavyogawanyika juu ya Sekai. Hapa ni nchi ya mahari ya ng'ombe, na mke aliyetolewa ng'ombe haondoki usiku bila neno. Wako vijana wasemao kwamba Sekai aliivunja nyumba yake. Watasema mume hakupewa nafasi ya kufikiri, na kwamba kama kila mwenye shida atakimbia, ukoo utasimama juu ya nini? Maoni haya yasichekwe, maana yana sababu. Wenzao watajibu kwamba nyumba ile ilikwisha kuvunjika saa ile mtoto alipohukumiwa, na kwamba Sekai alibeba kipande kilichobaki. Nao pia walete shahidi: je, Makwati alikuwa na uwezo gani? Wazee walisema nini? Wafungue kitabu, watafute.

Na msichana anayesikiliza mashindano hayo akiwa kimya pembeni, huenda hamfikirii Sekai. Mwezi wa Desemba, shule zifungwapo, ndio majira ya ukeketaji katika sehemu nyingi za Tarime na Serengeti. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza tendo hilo kwa msichana aliye chini ya miaka kumi na minane, lakini sheria hukaa mjini na desturi hukaa jikoni. Wako wasichana waliotoroka usiku kama Sekai, wakakimbilia kituo cha Masanga huko Tarime, au nyumba salama ya Mugumu iliyofunguliwa mwaka 2014. Msichana aliyewahi kusema mbele ya wenzake, "Naona Sekai hakukosa, na sababu yangu ni hii," amekwisha kulitamka neno ambalo siku moja huenda akalihitaji. Asilazimishwe kusema zaidi. Mwalimu amwambiaye, "Je, na wewe kwenu ikoje?" amekiondoa kitabu kilichokuwa kinamsitiri, amemwacha wazi mbele ya watu.

Twaongeza neno moja juu ya riwaya hiyo, ili isidhaniwe kwamba kitabu chenye nia njema hakiguswi. Takadini apata heshima kwa sababu ana kipaji cha mbira. Je, kama asingekuwa na kipaji? Mtoto mwenye ualbino asiyejua kuimba wala kupiga chochote, mvivu kidogo, mkorofi kidogo kama watoto wengine, hana haki ya kuishi kwa amani? Sisi twaona hapo mwandishi alijirahisishia kazi. Wengine watatujibu kwamba ulimwengu ndivyo ulivyo, na mnyonge hupokewa kwanza kwa kazi ya mikono yake. Hatujashawishika, lakini jibu ni jibu.

Mzee aweza kusema kwamba mambo haya yatawafundisha vijana ujuvi. Hofu yake twaielewa. Hata hivyo katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1951, Karama asimama mbele ya baraza la mfalme akiwa mshitakiwa, naye hajitetei kwa matusi; ajitetea siku kwa siku kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa na jinsi walivyotendewa. Anayezoea kutafuta shahidi kabla ya kusema huona haya kupayuka.

Sasa juu ya kazi yenyewe. Shule nyingi zina nakala chache, na maktaba ya mkoa iko Musoma, mbali na watoto wa vijijini. Nakala moja yatosha ikiwa msomaji mmoja asoma kwa sauti na wengine wanasikiliza, kisha apokewe na mwingine. Afadhali kukomea katikati ya sura, mahali penye mashaka, watu waulizane wangefanya nini wao. Saa ya jioni si saa nzuri: msichana yuko kisimani au kwenye kuni, mvulana yuko na ng'ombe, na anayebaki ni yule asiye na kazi. Mkutano huo uwe katika saa za shule. Kwanza wakae watatu watatu, maana wako ambao mbele ya darasa zima hutazama chini tu. Mwalimu aseme mwisho, au asiseme kabisa. Akisema mapema, "Sekai alifanya vema," vinywa arobaini vitarudia neno hilo hilo, na mazungumzo yamekufa.

Lugha isiwe kizuizi. Kiswahili ndicho lugha ya kitabu, nasi twakipenda kisemwe kwa ufasaha. Lakini fikira ya kwanza ya mtoto wa Nyamwaga huja kwa Kikuria, na ya mtoto wa Ikoma huja kwa Kiikoma. Aitoe kama ilivyokuja, kisha wenzake wamsaidie kuivusha. Mara nyingi katika kuivusha huko ndipo aonapo mwenyewe kama ina nguvu au haina.

Yule ambaye hata katika watatu hasemi, apewe kipande cha karatasi. Aandike mistari minne: ni nani aliyempendeza au kumchukiza, katika ukurasa gani, na kwa nini. Jina si lazima. Karatasi hiyo ibaki ndani ya kitabu, nyuma ya jalada, na msomaji afuataye aandike jibu lake chini yake kabla hajakipitisha kwa mwingine.