Mteja akiuliza springi za kushusha gari, usianze na bei

Wauza spea wenzangu, hasa sisi wa Instagram na status za WhatsApp, leo tuongelee springi za kushusha gari. Ni bidhaa tamu: haiozi, na vijana wa Subaru na Altezza hawachoki kuitafuta. Ila ukiiuza kienyeji inarudi, tena inarudi na matusi kwenye komenti.

Ujumbe huwa unaingia hivi: "Boss, springi za kushusha Impreza bei gani?" Mimi sijibu bei. Najibu: "Kaka, nitumie picha ya kibati chenye namba ya chasisi, halafu niambie shokapu zako zina hali gani." Kibati kwanza kwa sababu jina la gari halitoshi. Impreza ya GD ina strati miguu yote minne, yaani shokapu inayobeba springi na wakati huohuo kushikilia mguu wa gari. GH iliyokuja baada yake ina strati mbele tu, nyuma ni mfumo mwingine kabisa. Kwa mteja zote ni Impreza. IST nayo hivyohivyo: NCP60 na NCP61 zinavuta kwa magurudumu ya mbele, NCP65 inavuta kwa yote manne, kwa hiyo usichukulie kwamba springi ni zilezile.

Sasa shokapu, na hapa ndipo pesa inapopotea. Rodi ya shokapu inaingia na kutoka, na safari yake ina mwisho. Ukishusha gari lenye strati milimita 30, rodi imeshaingia karibu milimita 30 hata kabla gari halijakutana na tuta. Nafasi iliyobaki ndiyo ya kupokea mashimo. Ikiisha, shokapu inagonga raba yake ya ndani na dereva anasikia "ga!" kila tuta. Ikiendelea hivyo, shokapu inakufa mapema na kuvuja mafuta.

Halafu springi fupi ya maana hutengenezwa ngumu kuliko ya kiwandani, makusudi, ili gari lisizame mpaka mwisho. Kwenye katalogi za Kijapani ugumu huandikwa kwa kilo: springi ya kilo 4 maana yake uzito wa kilo 4 unaibana milimita 1. Ikiwa ngumu, inarudisha kwa nguvu zaidi, na wa kuituliza ni shokapu. Shokapu iliyochoka haiwezi, gari linadunda kama mpira, na mteja anasema springi zako feki wakati springi ni nzima.

Kipimo changu ni hiki. Kushusha chini ya milimita 30, shokapu za kawaida zikiwa nzima, nauza springi peke yake. Ikipita 40, siuzi bila shokapu fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, au koilova. Hapo katikati naomba picha za shokapu, naangalia kama zimelowa mafuta. Shokapu fupi si mbwembwe: gari likipigwa jeki mguu unaning'inia, na kwenye shokapu ndefu springi fupi inaweza kulegea ikatoka kwenye kikombe chake. Inatakiwa ibaki imebanwa muda wote.

Kijana mmoja wa Mwanza alitaka springi za kushuka 45, shokapu zake mbili zinavuja, na gari linabeba abiria kwenda Shinyanga. Nikamwambia springi tupu simuuzii. Akaniita mjuaji, hakurudi. Mauzo yale niliyakosa, na akija mwingine mwenye gari kama lile nitamjibu vilevile.

Wapo watakaokwambia "fundi wangu atakata za zamani na grinda, bure." Usigombane, mpe hesabu. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukikata mmoja, ugumu unapanda asilimia 20, na shokapu ni ileile. Ncha iliyokatwa nayo mara nyingi haikai vizuri kwenye kikombe. Kuichoma na gesi ni hatari zaidi, joto linaharibu chuma na springi inaweza kuvunjika njiani.

Kwenye posti weka bei mbili: springi 4 tupu, na seti ya springi 4 na shokapu 4 pamoja na raba zake. Mteja akiziona pamoja, mazungumzo ya shokapu yanaanza yenyewe. Mkumbushe na hela ya alaimenti, maana gari likishushwa matairi hubadilika mkao na huanza kulika upande.

Kabla ya kupeleka mzigo stendi, piga picha namba kwenye kila springi na stika ya kila shokapu, umtumie athibitishe. Za mbele, kushoto na kulia mara nyingi zina namba tofauti. Andika kwa maka juu ya kila boksi MBELE KULIA, MBELE KUSHOTO, maana fundi wa mkoani hatakupigia simu kuuliza.