Moyo Umetengenezwa, Koo Je?

Duniani, karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo. Hapa Dilala, wazazi wakipewa habari hiyo huwaza moyo tu, na safari ya Lubumbashi, kilomita 300 hivi, pengine na nchi za mbali zaidi. Koo hawaliwazi. Hata sisi waganga mara nyingi tunalikumbuka limeshaziba.

Njia ya hewa ya mtoto mchanga ina upana wa milimita 4 hadi 5. Mpira wa kupumulia anaowekewa wakati wa upasuaji ni namba 3 au 3.5, kwa hiyo nafasi inayobaki ni ndogo mno. Chukua njia ya milimita 4 iliyovimba milimita 1 kila upande: zinabaki milimita 2. Eneo la kupitisha hewa limekuwa robo ya lile la kwanza, na ugumu wa kuivuta umepanda mara 16. Mtu mzima akivimba kiasi hicho hukohoa kidogo akaenda zake kazini.

Mtoto wa kilo 3 mpira wake hufungwa kwenye alama ya sentimita 9 hivi, pale mdomoni. Kidevu kikiinama, ncha yake inazama na kuingia pafu la kulia peke yake. Kichwa kikirudi nyuma, mpira unaweza kuchomoka. Kwa hiyo plasta iliyolowa mate na kuanza kubanduka si jambo dogo, hasa ndani ya gari la wagonjwa linalorukaruka njiani.

Hatari nyingine hutoka kwenye upasuaji wenyewe. Mshipa wa fahamu unaoendesha uzi wa sauti wa kushoto hauendi kooni moja kwa moja. Hushuka kifuani, hupita chini ya aota, mshipa mkuu wa damu, kando ya mfereji wa damu ambao kwa kawaida hujifunga baada ya kuzaliwa, kisha hupanda tena. Usipojifunga, daktari anayeufunga anafanya kazi milimita chache kutoka kwenye mshipa huo. Ukijeruhiwa, mtoto analia kwa sauti ya kukwaruza na kupaliwa na maziwa, wakati moyo wake unapiga vizuri kabisa.

Wapo pia watoto ambao njia yao ya hewa ilibanwa tangu tumboni na mishipa mikubwa ya damu iliyoizunguka. Na dawa ya prostaglandini, inayouweka wazi mfereji ule kwa watoto wanaouhitaji ili waishi, inaweza kumfanya mtoto aache kupumua ghafla. Mtoto anayepewa dawa hiyo hasafirishwi bila mtu anayejua kumpumulisha.

Kwa kuwa tunaishi kwenye migodi, najua kuna atakayeniuliza kama ndiyo inayoleta kasoro hizi. Utafiti wa Lubumbashi uliochapishwa 2020 katika jarida la The Lancet Planetary Health ulilinganisha watoto 138 wenye kasoro zinazoonekana kwa macho na 108 wasio nazo. Ulikuta kwamba kazi ya baba migodini inaambatana na kasoro hizo. Lakini kasoro ya moyo mara nyingi haionekani kwa macho, kwa hiyo kwa upande huo utafiti huo hautoshi kutoa hukumu.

Mama, baba, mtoto akirudi nyumbani baada ya upasuaji, msikilizeni. Mlio mkali anapovuta hewa, kilio kilichopoteza sauti, kukohoa kila anaponyonya, mbavu kuzama, midomo kuwa ya buluu: mpelekeni hospitali usiku huohuo. Kovu la mpira linaweza kubana njia wiki kadhaa baada ya mpira kutolewa, kwa hiyo msiseme "hatari imeshapita". Msimpe dawa ya kikohozi. Na mkifika, kabla ya maelezo mengine yote, mwambieni muuguzi kwamba mtoto huyu alifanyiwa upasuaji wa moyo na alikaa na mpira kooni, na siku ngapi.