Osukuru hadi Dubai: saa tano za angani na nyingi za barabarani

Umbali wa Entebbe na Dubai ni kilomita 3,730 hivi, safari ya saa tano na ushei. Lakini kwa kijana wa Osukuru, chini ya vile vilima vya fosfeti karibu na Tororo, hesabu hiyo haianzii kwake. Dubai iko kaskazini-mashariki yake, uwanja wa ndege uko magharibi. Kwanza aipe Dubai mgongo, kilomita zipatazo 250 za lami kupitia Jinja na Kampala, ndipo ndege imgeuze kurudi mashariki. Ukipima moja kwa moja kutoka Osukuru hadi Dubai utapata takriban kilomita 3,560, sawa kabisa na kutoka Nairobi. Foleni ya Mukono ikikaza, basi litamla saa nyingi kuliko ndege.

Kilomita hizo hupimwa juu ya tufe la dunia, njia fupi kuliko zote. Rubani haifuati daima. Anga ya Sudan ilipofungwa Aprili 2023 kwa sababu ya vita, ndege za kutoka kwetu kwenda Ulaya zililazimika kuzunguka, na mafuta na muda vikaongezeka ingawa miji haikusogea.

Sasa muda. Ndege kubwa ikishatulia juu huenda kilomita 850 hadi 900 kwa saa. Gawanya 3,730 kwa 850: unapata kama saa nne na dakika 25. Zilizobaki huliwa na kupaa, kushuka na kujikokota uwanjani, maana ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kule.

Panapowakwaza wengi ni kwenye saa. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja, na tiketi huandika saa za mji husika. Ukiondoka 14:00 na kufika 20:10, usiseme umesafiri saa sita na dakika kumi. Ni tano na dakika kumi. Wakati wa kurudi mambo hugeuka, safari ileile huonekana fupi.

Tena tiketi haijui saa zetu. 02:00 si saa mbili, ni saa nane usiku. Na ikiandikwa Ijumaa 00:40, ndege inaondoka usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Atakayetoka Tororo Ijumaa asubuhi ataikuta imekwishatua Dubai.

Wapo wanaopendelea kuvuka Busia, wakapanda ndege Kisumu hadi Nairobi, kisha Dubai. Kisumu ni karibu zaidi, kama kilomita 100 ukipima moja kwa moja, lakini unaongeza mpaka na ndege ya pili. Ukiichagua njia hiyo, kata safari zote mbili kwenye tiketi moja: ndege ya kwanza ikichelewa, jukumu la kukupatia nyingine huwa la shirika, si la mfuko wako.